Maji ya Kwanza Kichwani

Newala mwezi wa tisa maji hayamwagwi ovyo. Yaliyosuuza vyombo yanapelekwa kwenye mche wa mpapai, yaliyofulia yanatuliza vumbi la uwanja, na ya kumwogesha mtoto yanapimwa kwa kopo. Kwa hiyo mtoto wa miaka 3 akichomoka kwenye beseni povu likiwa bado kichwani, akaanza kuizunguka nyumba uchi huku kuku wakimpisha, hasara ni mbili kwa mpigo: jioni imeharibika na maji yamekwenda.

Hivyo ndivyo nilivyoishi na binti yangu wa kwanza kwa miezi kadhaa. Nilibembeleza, nikafoka, nikaahidi pipi, nikachuma fimbo ya mpera nikaiweka paonekanapo, na majirani wakapata sinema ya bure kila jioni. Kisha mama yangu akaja kututembelea. Alinitazama nikikimbizana na mjukuu wake mara moja tu. Siku ya pili akanipokonya kopo, akaketi kwenye kigoda kando ya beseni kama mtu asiye na haja na mtoto yeyote, akaanza kujimwagia maji miguuni mwake mwenyewe, kidogo kidogo, huku akiimba:

Maji ya kwanza kichwani, fumba!
Maji ya pili mgongoni, sugua!
Maji ya tatu miguuni, kwisha!

Kila alipofika kwenye neno la mwisho aligonga ubavu wa beseni kwa kopo. Aliporudia mara ya tatu binti yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, kidole mdomoni. Mara ya tano alikuwa ndani ya beseni, macho ameyafumba kwa nguvu hata kabla kopo halijanyanyuliwa. Aliogeshwa kwa makopo matatu makubwa, akatoka, akafungwa kanga. Majirani walikosa onyesho.

Baadaye nilimwuliza mama wimbo ule ni wa wapi. Akasema si wa popote. Maneno kayatunga palepale, na lahani kaiazima kwenye ngoma ya usichana wake ambayo hakuwa tayari kunitajia jina mbele ya mtoto.

Tangu siku hiyo nimelea wengine wawili, nimehamia Masasi, nimefundisha watoto wa darasa la awali, na nimekuwa nikiulizwa na wazazi wenzangu jambo lilelile kwa maneno tofauti: mtoto haamki, mtoto hali, mtoto halali, mtoto akiambiwa twende anakaa chini. Jibu langu huwa linawafanya wacheke kwanza. Nawaambia waimbe.

Ule wimbo wa mama utazame kwa makini, maana una kila kitu kinachohitajika. Una mwisho. Mtoto wa miaka 3 hajui dakika 5 ni nini. Ukimwambia "tunamaliza sasa hivi" umemwambia neno tupu, kwake kuoga ni mateso yasiyo na kikomo. Lakini maji ya tatu anayajua. Akishayasikia mara mbili tatu anajua kwamba baada ya "miguuni" kuna "kwisha", na mtu anayeuona mwisho wa safari huvumilia safari. Pia una kazi kwa mtoto mwenyewe: afumbe, asugue. Na unapima maji, jambo ambalo sisi wa uwanda wa juu wa Newala hatuwezi kulidharau.

Watu wa uwanda huu hatukupaswa kufundishwa haya na mtu. Wamakonde, Wayao na Wamakua, yote waliyoyaona makubwa waliyafunza kwa nyimbo. Kijana jandoni haketishwi akasomewa kanuni; anaimbiwa, anaitikia, anarudia usiku hadi usiku mpaka maneno yanakuwa yake. Mwali ndani ya unyago vilevile, na kungwi asiyejua nyimbo si kungwi. Hata mgeni kama Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, hakulipiga jando marufuku. Aliona afadhali alipe sura ya Kikristo, maana alielewa kwamba mafunzo ya watu hawa yamefumwa humo. Sasa kama mambo ya utu uzima yanapitia kwenye wimbo, kwa nini kuvaa kandambili kupitie kwenye makelele?

Kuna mgeni mwingine aliyeona nguvu hiyo. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na kupanda hadi Newala akiwa na fonografu, ile mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, akarekodi nyimbo za huku. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, na katika kitabu chake cha safari hiyo anamtaja mnyapara wao aliyeitwa Pesa Mbili, mwimbaji hodari. Mzigo kichwani, jua utosini, kiongozi anaanza na wenzake wanapokea. Nawakumbuka wapagazi hao kila ninapotembea na mtoto kwenda shamba la mikorosho, kilomita 3 asubuhi, naye mzigo wake ni chupa ya maji tu lakini anaulalamikia kama gunia.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, huko huko Leipzig, watafiti Sebastian Kirschner na Michael Tomasello waliwachezesha watoto wa miaka 4 wawili wawili. Wengine walicheza wakiimba na kupiga mdundo pamoja, wengine walicheza mchezo uleule bila muziki. Baadaye ikatengenezwa ajali: gololi za mtoto mmoja zinamwagika. Waliokuwa wameimba pamoja ndio waliokwenda zaidi kumsaidia mwenzao kuokota. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Bibi yeyote wa Newala angewaambia bure, ila nakubali kwamba gololi zilikuwa wazo zuri.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Usitunge lahani mpya. Chukua uliyonayo kifuani, iwe ya kwaya, ya kaswida, ya mchezo wa ukuti, ya sindimba, hata ya tangazo la sabuni redioni, uitie maneno yako. Maneno yataje tendo lenyewe: mkono, mswaki, shati, kijiko. Mistari miwili au mitatu inatosha; ikiwa minne, mtoto anasubiri uimalize ndipo afikirie kukutii. Na neno la mwisho la mstari mwachie yeye. Watoto wetu wanajua kuitikia kabla hawajajua kuongea. Acha nafasi pale mwishoni, nyamaza kidogo, utamwona mdomo unafunguka wenyewe.

Wimbo mmoja kwa tendo moja. Wa kuoga usiimbwe wakati wa kula, hata kama anaupenda. Nguvu yake iko hapo: akiusikia tu, mwili wake unajua kinachofuata.

Kosa kubwa ninaloliona, na nimelifanya sana, ni kuchelewa. Mama anaita mara tano kwa hasira, mtoto anagoma, vita vinapamba moto, ndipo mama anakumbuka kwamba alisoma mahali fulani kuhusu nyimbo. Anaimba akiwa amekunja uso. Mtoto si mjinga, anausikia ugomvi ndani ya wimbo. Anza mapema, kabla hujamwita hata mara moja, na anza ukiwa unafanya jambo lako, kama mama yangu alivyojimwagia maji miguuni.

Asubuhi ndiyo ngumu kuliko zote, hasa Newala mwezi wa sita na wa saba, ukungu umefunika mpaka mlangoni na baridi inapenya blanketi. Usimwamshe mtoto kwa maneno. Kaa kitandani, mwekee mkono mgongoni, vumisha lahani bila maneno kwa sauti ya chini, kisha ingiza jina lake, kisha majina ya walioamka: jogoo kaamka, bibi kaamka, chai kaamka. Ndiyo, chai. Wangu walikuwa wanafumbua macho kwa ajili ya kunisahihisha. Mtoto anayebishana kwamba chai haiamki ameshaamka.

Kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi kunataka sekunde 20 za kusugua, na hapo wimbo ndio saa yenyewe. Uimbe peke yako kwanza ukiangalia saa ya simu, urefushe au uupunguze mpaka utoshe. Mswaki nao una hila yake: dakika 2 ni nyingi, na mtoto mwenye povu mdomoni hawezi kuitikia, kwa hiyo hapo mwimbaji ni wewe na yeye anaitikia kwa mswaki. Juu, chini, nyuma, mbele. Ukibadili mstari anabadili upande.

Kula ni habari nyingine. Mtoto mwenye tonge mdomoni asichekeshwe wala asiimbishwe, atapaliwa. Wimbo wa chakula ni wa kabla ya chakula, ule muda mchungu uji unapopoa au ugali wa muhogo unapongoja mboga, mtoto analia kana kwamba hatakula tena maishani. Hapo piga makofi, taja vilivyomo jikoni kimoja kimoja, kisamvu, mbaazi, chumvi, kijiko, muulize kwa wimbo kipi kimeiva. Baada ya hapo bismillahi au sala, kisha kimya.

Njia ya shamba nimeigusa tayari. Msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi, watoto wadogo wanachukuliwa kwenda shamba kwa sababu nyumbani hakubaki mtu. Mdundo wa kutembea uendane na hatua zake, siyo zako; ukiimba kwa hatua zako utamburuta. Kule shambani, kuokota korosho na kuzinyonyoa kwenye mabibo, mtoto wa miaka 4 anaweza kuhesabu kwa wimbo mpaka kumi akizitia kwenye kikapu. Mimi sijali kama anaokota nyingi au chache. Najali kwamba hajaenda kucheza kwenye vichaka.

Kukusanya vitu vilivyotapakaa kunataka kasi ya singeli. Sitanii. Watoto wangu walikuwa na mistari miwili ya kurudisha kandambili, vifuniko vya chupa na magari ya makopo, na tuliiimba kwa kasi iliyotushinda sote, mpaka mtu anakosea na wote wanaanguka kwa kicheko. Sakafu ilikuwa safi. Ila kasi hiyo isikaribie saa ya kulala. Ukishamchemsha mtoto saa 1 na nusu usiku, usishangae akirukaruka saa 3.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Anayeamshwa saa 12 asubuhi basi awe amelala saa 2 usiku, na hapo ndipo wazazi wengi tunashindwa. Wimbo wa kubembeleza nausuka hivi: ndani ya chandarua, taa imepunguzwa, nawataja wote waliolala. Kuku kalala, mbuzi kalala, paka kalala juu ya gunia, mkorosho wa babu umelala, na wa mwisho ni yeye kwa jina lake. Nikirudia, naacha mmoja. Nikirudia tena, naacha mwingine, na mwendo unapungua, mpaka pamebaki jina lake peke yake, halafu mvumo tu. Usimwangalie kama amelala. Akikuona unachungulia anajua kwamba una haraka ya kwenda.

Kama bibi wa mtoto yupo na anajua bembelezi za Kimakonde, Kiyao au Kimakua, mpishe. Wazazi wa mjini wananiambia, "Lakini mwalimu, mtoto hasikii Kimakonde." Haidhuru. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal huko Kanada walichapisha jaribio la watoto wa miezi 6 hadi 9 kutoka nyumba za Kifaransa, walioimbiwa kwa Kituruki, lugha wasiyopata kuisikia. Walitulia kwa takriban dakika 9 kabla ya kuanza kununa. Waliposikilizishwa maneno ya kuongea, hata yale matamu wanayosemeshwa watoto wachanga, walivumilia takriban dakika 4 tu. Kimakonde cha bibi hakiwezi kushindwa na Kituruki cha mgeni.

Sasa niseme jambo linalonikera. Wimbo ni kisu, unakata kote. Nyote mnaukumbuka ule wa kikojozi. Siutaji maneno yake, mnayajua. Mtoto kakojoa kitandani, watoto wenzake wanakusanywa, anatembezwa uwanjani na kile kigodoro chake huku akiimbwa. Niliona hilo nikiwa na miaka 7 hivi, kwa mtoto wa nyumba ya pili. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkojo mwingine unamtiririka miguuni papo hapo, kwa hofu. Watu wazima walikuwa wanacheka kwa wema kabisa, wakiamini wanamsaidia. Mtoto wa miaka 3 au 4 anayekojoa usiku hana kosa lolote, na nguvu ileile inayomfanya akumbuke maji ya kwanza, ya pili na ya tatu itamfanya aikumbuke aibu ile mpaka ana wajukuu. Nyimbo za kusuta tuwaachie watu wazima wanaojua kujibu. Vivyo hivyo zile za kumtisha kwamba zimwi litakuja kumchukua asipolala: atanyamaza, ndiyo, lakini kunyamaza kwa hofu siyo usingizi.

Na redio au simu? Nilinunua redio ndogo ya memori kadi, nikaijaza nyimbo za watoto, nikafikiri nimemaliza kazi. Wiki ya kwanza raha tupu. Wiki ya pili umeme ukakatika jioni, redio ikazima katikati ya kuoga, na mtoto akalia kuliko enzi zile za mbio. Redio haimsubiri mtoto aliyekwama kwenye mkono wa shati. Sauti yako inasubiri, inarudia mstari, inapunguza mwendo. Siwapingi akina Akili and Me, katuni za hapa hapa Tanzania zinazofundisha watoto walio chini ya umri wa shule kwa nyimbo za Kiswahili; wangu walijifunza namba humo, na mimi nikaiba lahani mbili. Lakini mwongozo uleule wa 2019 unasema chini ya mwaka 1 mtoto asiwekwe mbele ya kioo cha simu au televisheni kabisa, na wa miaka 3 au 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Iba lahani, kisha zima.

Akina baba mnaona haya, najua. Mwanamume anayeimba jandoni mpaka sauti inakauka, akiambiwa amwimbie mwanawe kuvaa soksi anasema hana sauti. Mdogo wangu wa kiume alikuwa hivyo. Akija kwetu, mjomba mzima, anakaa kwenye kiti na kuamkiwa. Siku moja nikampa dumu tupu la maji, nikamwambia, basi mdogo wangu, wewe piga tu, usiimbe. Akapiga. Watoto walivaa viatu kwa mdundo ule, wakavua, wakavaa tena. Hadi leo akifika, kabla ya shikamoo, wanamletea dumu.

Zipo siku wimbo hautafanya kazi, na usiulazimishe. Mtoto mwenye homa, mwenye njaa au aliyechoka kupita kiasi hahitaji kibwagizo, anahitaji zahanati, uji au kitanda. Wapo pia watoto wanaochukia kelele. Hao imba kwa kunong'ona, usigonge kitu. Na kama kila ukiimba au kuita nyuma yake mtoto hageuki, hashtuki mlango ukibamizwa, usiseme ni mkaidi. Mpeleke kliniki apimwe masikio, mapema.

Kisha nyimbo zinachakaa. Hilo hakuna aliyeniambia. Binti yangu alipofika miaka 7 nilianza "maji ya kwanza" kama kawaida, akafunga mlango wa bafu la makuti na kusema, "Mama usiimbe, wenzangu watasikia." Niliumia kidogo, sitaficha. Nikaweka kopo chini nikaenda zangu jikoni.

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata nilikuwa napepeta mchele ukumbini, nikamsikia anamwogesha mdogo wake. Kwanza kichwani, fumba. Pili mgongoni, sugua. Tatu miguuni, nikangoja kwisha, lakini kwisha haikuja. Maji ya nne, tumboni. Maji ya tano, masikioni. Ya sita, ya saba, mdogo wake anapiga kelele za furaha, anataka ya nane. Nilifungua mdomo nimkemee, nikakumbuka mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri na pipa chini ya bati lilikuwa linafurika.